Mazishi ya Bibi wa Soksi

Shida yangu ilianza mwaka wa 1969, nikiwa na miaka minane. Baba alikufa. Alikuwa mtu wa reli, tukikaa Makongeni, na nyumba ya kazi huisha na kazi. Tukampeleka kwao magharibi, ndugu zake wakamlilia vizuri sana, kisha wakamwambia mama, "Shamba hili ni la wanaume." Tukarudi Nairobi mikono mitupu. Shule niliachia darasa la tatu. Yaliyobaki nimefundishwa na sindano.

Tangu hapo kuna swali ninalolikimbia kila Desemba: "Mama, hamwendi nyumbani?" Majirani wanafunga mizigo, mikate na nguo mpya, wanaondoka. Mimi husema nina sare za shule za kushona. Uongo mtupu. Sina pa kwenda.

Lakini Kariobangi, mtaa ninaokaa sasa, Desemba ni tamu jamani. Mafundi wa jua kali wamenyamaza, maji ya mfereji yanatoka mchana kutwa, na mtoto akicheka mtaa wa tatu unamsikia kama yuko mlangoni. Hao watoto waliobaki ndio niliowaanzishia vikaragosi. Nachukua soksi kuukuu, najaza mabaki ya vitambaa kutoka kiwanda cha nguo cha mtaa wa Baba Dogo, macho ni vifungo vya shati. Pazia ni leso iliyofungwa kati ya nguzo mbili za ukumbi wa kanisa. Jirani yangu wa kwaya anaimba. Mwanga unashuka juu ya vichwa vyao, rangi ya chai ya maziwa, na nikiinua mkono, si mkono wangu tena. Unasema mambo nisiyoyapanga.

Mwaka jana nilikosea. Nilitunga hadithi ambayo Bibi wa Soksi anakufa. Nikamlaza ndani ya boksi la viatu, nikidhani wataimba kidogo tukale mandazi. Msichana wa mbele, wa miaka kama saba, akasimama.

"Mnamzika wapi?"

"Hapa hapa," nikajibu kwa sauti ya paka wa soksi.

"Hapa Kario? Haiwezekani! Mtu hupelekwa nyumbani!"

Ukumbi mzima ukalipuka. Mabenchi yakapangwa yakawa basi, mmoja akajifanya kondakta: "Maiti mbele, waliao nyuma!"

"Wewe, msukume polepole, ni mzee!" mwingine akamkemea.

Boksi likapakiwa. Msichana akaja mpaka kwenye leso, akaniita kama anavyomwita nyanya yake. "Shosho, kwani huyu ni wa wapi? Basi liende wapi?"

Miaka yote hiyo nimelikwepa swali, likanikuta nimepiga magoti nyuma ya leso.

"Dada, sema Vihiga, huko magharibi, twende tukale," jirani akaninong'oneza.

Ningesema. Nani angejua? Lakini niliomba boksi lirudishwe, nikaingiza mkono, na Bibi wa Soksi akaketi taratibu, kama mtu anayeamka usingizi wa mchana. Watoto wakapiga mayowe.

"Magharibi sina shamba," akasema. "Nilinyimwa. Mimi ni wa nyuma ya soko, geti la kijani."

Msichana akafikiri. "Umepanga?"

"Nimejenga."

"Nani alikujengea?"

"Nimejenga mimi, kwa cherehani."

"Basi hapo ni nyumbani," akaamua, kama chifu. "Kufa tena, tukupeleke."

Bibi akafa tena. Wakambeba, wakiimba, katikati ya barabara tupu iliyojaa jua, na mimi nikawafuata kama ninayeelea, na leso begani. Kwenye geti langu walilia kwa mpango: wasichana kwanza, halafu wavulana, halafu jirani yangu, ambaye machozi yake yalikuwa ya kweli. Wakamzika uani. Ndipo wakadai mandazi.

Kile kisingizio cha sare nimekiacha. Mwaka huu akija mtu kuniuliza kama siendi nyumbani, nitamwonyesha kiti akae. Nina nyumba ya mawe, vyumba sita. Nina cherehani tatu, moja ya umeme. Tangi la maji. Kuku kumi na wanne na jogoo mkorofi. Vikaragosi wanane. Kabati, vitanda vinne, meza ya kukatia vitambaa. Na hati ya ploti, jina ni langu.