Siku niliyoomba muhuri wangu mwenyewe kwenye seminari ya uongozi, Bunia

Wakuu, heshima kwenu nyote. Leo nimekaa na chai yangu, nikasema acha niwape hii ya Bunia wakati wa vita. Ni ya kweli, na anayechekwa humu ni mimi, kwa hiyo sina sababu ya kuongeza chumvi.

Nilikuwa chefu wa avenyu, yaani kiongozi wa barabara moja ya mtaa. Nyumba kama sitini, mshahara hakuna. Nilichokuwa nacho ni muhuri, na nilitembea nao mfukoni hata kanisani. Siku zile nyumba iliporwa ukiwa umeenda kuchota maji tu, na aliyeokota muhuri ndiye chefu.

Shirika moja likaleta seminari ya uongozi kwa machefu, wachungaji na wawakilishi wa wakimbizi wa ndani. Siku tatu, ukumbi wa parokia. Helikopta ikipita tunanyamaza, ikienda tunaendelea na utawala bora.

Mimi nilikaa mbele kabisa. Nilijiona ndiye mwalimu, na yule mkufunzi kutoka Kisangani amekuja kunithibitisha tu.

Nyuma, karibu na mlango, alikaa Mama Solange. Huyu alikimbia vita upande wa Aveba, akapanga chumba kwenye avenyu yangu. Alikuwa ameshakuja kwangu mara nne kuomba karatasi moja: atestasyo ya makazi, ili binti yake aandikishwe mtihani wa mwaka wa sita. Orodha ilifungwa Ijumaa, siku ileile ya mwisho wa seminari.

Kwa nini sikumpa? Nilimwambia alete picha, akaleta. Mashahidi wawili, akaleta. Nikamwambia arudi Jumanne.

Ukweli, wakuu, niliogopa. Kartye yetu, mtaa mzima, ilishikwa na vijana wenye bunduki. Jina la kijiji ulikotoka lilitosha kukuletea kesi, na aliyekuandikia karatasi anaingia humo humo. Basi nikajificha nyuma ya utaratibu.

Ijumaa mkufunzi akatangaza igizo: chefu awe mkimbizi, mkimbizi awe chefu. Mimi niliyekaa mbele nikachaguliwa. Mama Solange akainuka kabla hajaulizwa.

Nikafungwa kitambaa kichwani, nikapewa sweta iliyokunjwa, eti mtoto. Nikaambiwa nimkabidhi chefu vifaa vyake. Nikatoa muhuri na kikasha cha wino.

Mama akaketi. Akavua miwani ambayo hana, akaifuta kwa shati ambalo hana. Ukumbi mzima ukaangua kicheko, ndipo nikajua kumbe huwa nafanya hivyo.

Akauliza natoka wapi, huku anatazama dari. Akataka picha, nikasema ninazo. Akataka mashahidi, nikawaleta wachungaji wawili. Akawakataa, kwamba hao kazi yao ni kuhurumia watu, nilete wenye roho ngumu.

Nikajaribu kulia.

"Machozi yako iko na mashahidi?"

Mchungaji mmoja alitoka nje kumalizia kucheka.

Aliposema nirudi Jumanne, sijui nini kilinipata. Nilisahau ni igizo. Hasira ilinipanda ya kweli kabisa. Nikapiga meza, mtoto wa sweta akaanguka, nikafoka kwamba mwanangu ana mtihani, orodha inafungwa leo, agonge huo muhuri sasa hivi.

Mama Solange akafungua kibeti chake. Akatoa atestasyo yenyewe, ile niliyomrudishia mara nne, akaigonga muhuri taratibu. Halafu akaisukuma mbele yangu pamoja na kalamu.

"Mchezo imeisha, chefu. Muhuri nimepiga, lakini sinyatire iko yako. Najua weye unaogopa bale vijana. Miye niko naogopa kupita weye, lakini mutoto iko na egzame."

Hakuna aliyecheka tena. Nikasaini, kitambaa bado kichwani. Mama akatoka mbio, hata cheti chake cha seminari hakukisubiri.

Jumapili wakaja vijana wawili na bunduki zao. Mke wangu akaingia jikoni kuomba. Mkubwa wao akauliza ni nani anawaandikia karatasi watu wa kule Aveba. Nikasema ni mimi.

Akanitazama sana. Akamwambia mwenzake atangulie barabarani. Tulipobaki wawili, akasogea, akashusha sauti.

"Muzee, dada yangu mudogo, direkta wa masomo anakatala kumupokea bila karatasi."

Nikamwandikia palepale, nimesimama.

Solange alifaulu, asilimia hamsini na mbili. Mama yake alinipa habari akiwa mlangoni, kiti alikikataa. Nilistahili.

Cheti changu kinasema nimefuzu uongozi. Nilichojifunza mimi ni kwamba muda wote ule nilimwogopa mtu ambaye naye alikuwa anaogopa kuja kuniomba.

Haya, mliowahi kukaa upande wowote wa meza ya chefu, semeni yenu. Matusi ya kiasi yanaruhusiwa.