Kimea cha Capitoline

"Umesaga kimea changu!" Méthode alifoka mpaka mbuzi wakaacha kula. "Mama Rénovat, hicho kilikuwa cha pombe ya walimaji! Mwandu akija na ng'ombe wake kutulimia, anywe nini? Mate?"

"Anywe maji," mkewe Capitoline akajibu, anakoroga uji. "Ng'ombe wenyewe wanakunywa maji, na ndio wanaolima."

Mimi nilikuwa jikoni kwao, huku Mwese, mwaka ule wa mvua za Elninyo, nachambua maharage yasiyo yangu. Capitoline ni jirani yangu tangu tulipovuka mpaka kutoka Burundi. Yeye alivuka na ulezi mwekundu kwenye pindo la kanga, mimi nilivuka na mdomo. Na ulezi ule usiuchezee. Jogoo wangu alimeza punje moja tu, akamfukuza fisi mpaka Sitalike, akarudi na mkia wa fisi. Mkia ningewaonyesha, ila mchwa wameula.

Sasa huyu Capitoline hakujaliwa binti. Mwanawe Rénovat alipomwoa Joséline, mama mtu akafurahi kama kazaa tena. Mimba ilipokuwa kubwa akawa anampikia uji wa ulezi mweupe, unga kauchekecha kwa kitambaa mpaka unateleza kama maziwa. Kwetu mkwe hapewi uji wenye makapi, watu watasema unamdharau. Makapi akawamwagia kuku. Kuku wakanenepa wakashindwa kuruka. Joséline akapauka, hata kuinua ndoo akawa hawezi.

Nesi wa zahanati akamfunua kope, akaguna. Akamwambia Capitoline kwamba ulezi haufanani. Madini ya chuma, yale yanayotengeneza damu, aina hii inayo mengi, ile inayo machache, na mengine yamo kwenye ganda lenyewe. Jaribu ule mwekundu wa kwenu, usiuchekeche, uuoteshe kwanza uwe kimea, mwili utayapata vizuri. Akampa na vidonge. Damu isipopanda, binti apelekwe mjini, akangojee uchungu hospitali, mbali na nyumbani.

Siku ile Capitoline alirudi akakaa chini mlangoni kwangu. "Nimekuwa nawamwagia kuku damu ya mwanangu," akasema. Nikamfuta kamasi kwa kanga yangu.

Na ulezi mwekundu ulioota tayari ulikuwa wapi? Kwenye mkeka wa Méthode, unakaushwa kwa ajili ya pombe. Capitoline akawa anauchota kidogo kidogo kwa uji wa Joséline, huku akimsingizia panya. Siku hii ya ugomvi mkeka ukawa mtupu. Na siku hiyohiyo Joséline alikuwa kaenda kupimwa damu tena.

"Panya gani anasaga unga?" Méthode akaniuliza mimi.

"Wa Mwese wanasaga, baba. Niliwaona, mmoja kajifunga kanga."

"Nyamaza, bibi! Shamba lisipolimwa, huyo mtoto atakula nini?"

"Azaliwe kwanza!" Capitoline akapiga mwiko kwenye chungu. "Nitalima mwenyewe kwa jembe, Baba Rénovat. Nitalima mpaka la Mwandu. Lakini wakimpeleka Joséline mjini, akilia usiku nani atamshika mgongo? Wewe kaa na pombe yako, mimi—"

Mlangoni akasimama Joséline, kanga imelowa mvua, anahema kwa kupanda mlima.

"Mama," akasema, "imepanda. Wamesema nitazalia hapahapa."