Mpaka Jua Lizame, Baba Yuko Ggaba

Mkanda wa ngozi ukilowa maji hutoa harufu kali. Leo mvua iliponikuta njiani niliinusa tena kiunoni mwangu, nikarudi kimawazo kwenye sebule yetu ya Mengo, siku moja ya utotoni.

Asubuhi hiyo baba alikuwa amepanda ndege ya Ulaya, akiwakimbia wanajeshi. Mama alituketisha mkekani, mimi na dada, akatuambia: "Ndege inaruka mchana kutwa. Kabla haijatua wanaweza kuiamuru irudi. Mpaka jua lizame, baba yenu yuko Ggaba, kule ziwani, ananunua samaki."

Alasiri waliingia wanajeshi wawili. Mama alipiga magoti kuwasalimia, kama wanawake wa kwetu wanavyosalimia wageni. Hawakumwacha ainuke.

"Wewe mama, bwana yako iko wapi?"

"Ggaba, afande. Ananunua samaki."

Mkubwa wao alivua mkanda, akauchovya kwenye ndoo ya maji, akampiga. Waliuliza, akajibu, wakapiga. Gauni lilipasuka mgongoni, damu ikaruka hadi kwenye vitambaa vyeupe vya makochi.

"Samaki gani hiyo? Ananunua ziwa nzima?" mwenzake alicheka, kisha akampiga teke mdomoni.

Mama alitema jino, akarudia jibu lilelile. Jua lilipozama alilitazama dirisha kwa muda, akainua uso.

"Yuko Ulaya," alisema. "Ameshatua."

Mkubwa naye alitazama dirisha. Akamchapa mara moja tena, kwa nguvu zake zote.

"Hiyo nauli ya bwana yako," alisema, akaanza kuvaa mkanda wake.