Kipande cha Kiunoni

Fundi rangi mmoja alipewa jina la Unyasi ujanani kwa wembamba wake, na alilipenda kuliko jina alilopewa na wazazi. Hakuwa msemaji. Lakini mazungumzo yakigusa miili ya watu, ulimi ulimfunguka.

"Suruali niliyovaa siku ya harusi bado inanikaa," husema. "Miaka kumi na minne sasa."

Wenzake hutazamana. "Basi ngazi ndiyo imenenepa," mmoja alimwambia. "Ukipanda inalia kama mtoto."

Unyasi akasema ngazi ni kuukuu. Magoti yalipoanza kuuma, akailaumu sakafu. Pumzi ilipoanza kumwishia kabla hajafika juu, akailaumu harufu ya rangi.

Siku moja kizunguzungu kikamshika huko huko juu. Alishuka ameukumbatia ukuta, na nusu ya rangi mbichi ikahamia shatini. Msimamizi hakucheka. "Hupandi tena mpaka uniletee karatasi ya zahanati."

Muuguzi alikuwa mama mtu mzima mwenye miwani. Akampandisha kwenye mizani, akaandika kilo tisini na tisa.

"Mizani yako mbovu, mama."

"Imeharibika ulipopanda wewe? Aliyekutangulia hakulalamika."

"Hii suruali ni ya harusi yangu. Inanikaa mpaka leo."

Muuguzi akainama, akakigeuza kiuno cha suruali kwa nyuma. "Baba, hapa pana kipande cha kitambaa kingine. Kimeshonwa vizuri mno. Nani fundi wako?"

Unyasi akapapasa kiuno chake kwa nyuma. Fundi wake alikuwa mkewe.

Presha ilikuwa juu. Muuguzi akamweleza taratibu kuwa uzito ule unaufanya moyo usukume damu kwa shida, unayachosha magoti, na ukiachwa huweza kuleta kisukari. "Usijishindishe njaa," alisema. "Meza dawa hizi, punguza chumvi, sukari na mafuta, tembea kwa miguu. Karatasi nitakupa presha ikishuka."

Alitembea hadi nyumbani, mkono mmoja nyuma, kidole juu ya mshono.

Sebuleni, mlimokuwa na cherehani, mkewe alikuwa akimpima binti yao wa miaka kumi na miwili gauni la shule. Unyasi akasimama nje ya pazia la mlango.

"Kifua kimeanza, mwanangu, na nyonga zitapanuka," mkewe alikuwa akisema. "Huo si ugonjwa. Siku ukiona damu, uje kwangu, usijifiche. Mwili haufichiki."

"Na wavulana je, mama?"

"Wao sauti inakuwa nzito, ndevu zinaota. Wengine hata vifua vinavimba kidogo, halafu vinarudi vyenyewe. Si yameandikwa kwenye kile kitabu chako cha darasa la tano?"

Pale nje Unyasi akalishika pazia. Alipokuwa na miaka kumi na mitatu, kifua chake kilivimba. Wenzake shuleni wakamwita Dada, wakawa wanamvuta shati wakati wa mapumziko. Akaacha kula mpaka akazimia mstarini, na alipokonda ndipo alipopata jina la Unyasi. Habari hiyo alimwambia mtu mmoja tu duniani, mwaka wa kwanza wa ndoa.

Akaingia. Akaweka dawa juu ya cherehani, akageuka, akainua shati nyuma.

"Umeongeza mara ngapi?"

Mkewe akaweka mkasi chini. "Mara tatu."

"Mimi ndiye niliyekuwa nafumua, baba," binti akasema kwa sauti ndogo. "Mama alisema ni siri ya kukufurahisha."

"Nenda ukacheze, mwanangu."

Walipobaki wawili, mkewe akasema, "Uliniambia ulivyojinyima chakula. Nikaogopa utarudia. Nikasema bora ucheke na suruali yako."

"Nilikupa siri yangu uitunze. Wewe ukaitumia kunipimia cha kuniambia."

"Mume wangu, nilikuhurumia."

"Mtoto unamwambia ukweli. Mimi unanishonea. Na hilo la wavulana, umelijua tangu lini?"

"Tangu mwaka juzi."

"Miaka yote nimejiona kasoro," Unyasi alisema. "Neno moja tu lingetosha, mke wangu. Kweli kikulacho ki nguoni mwako."

Akaenda chumbani, akavaa kikoi, akarudi na suruali zake zote nne na wembe. Akaketi kwenye kigoda cha mkewe, akaanza kufumua, uzi baada ya uzi, naye mkewe amesimama hajui mikono aiweke wapi. Vipande vya vitambaa vikajaa sakafuni. Alipomaliza, akasimama wima.

"Nipime."

Mkewe akamzungushia utepe kiunoni. "Sentimita mia na kumi na mbili," alisema, na safari hii hakuwa amepunguza hata nukta.

Unyasi akashika utepe pale pale ulipokutana, akauvuta pamoja na tumbo lake mpaka dirishani penye mwanga, akainamisha kichwa, akasoma mwenyewe.