Godoro Ukutani, Kilolo

Enzi zetu kule Kilolo, ukungu wa Juni ulikaa mpaka jua limepanda, nasi tulikwenda shule peku na viazi vya moto mifukoni, tupashe mikono kwanza, tule baadaye. Watoto wa leo wanavaa majaketi mawili na bado wanapiga chafya.

Baridi hiyo ndiyo iliyoniumbua. Nilikuwa kikojozi. Godoro langu, gunia lililojazwa maganda ya mahindi, lilianikwa ukutani kila asubuhi, na kwa kuwa jua la Juni halikaushi kitu, lilishinda pale mpaka jioni. Waendao kisimani walinisalimia "Kamwene," halafu wanalitazama godoro. Niliona aibu mpaka nikazoea kutembea nikitazama vidole vyangu vya miguu. Mama hakunipiga. Alisema tu, "Mwanangu, kila mwili hukua kwa wakati wake," na maneno hayo hayakunisaidia hata chembe.

Kila mwaka watoto wa Sunday school walikwenda kambi Iringa mjini, wakilala kwenye ukumbi wa kanisa. Kila mwaka mimi niliugua tumbo la uongo. Nilitamani kambi kuliko nilivyotamani Krismasi. Jumapili moja mwalimu wetu, Dada Eliza, akauliza nani ana hitaji la kuombewa. Mmoja akataja mtihani, mwingine mbuzi aliyepotea. Nikasimama.

"Mniombee niende kambi. Nakojoa kitandani."

Walicheka, jamani. Nikalia mbele ya wote. Dada Eliza akasubiri wanyamaze, akapiga magoti kando yangu na kuomba kwa Kihehe, lugha aliyoiweka kwa mambo mazito, akimshukuru Mungu kwa mtoto aliyesema kweli. Sikuwahi kudhani kuna mtu angeshukuru kwa ajili yangu.

Nilikwenda, na usiku wa kwanza tu nikakojoa. Asubuhi Dada Eliza alishika upande mmoja wa blanketi, mimi upande wa pili, tukalikamua. Tukiwa bado bombani, wakaja watoto wengine wawili na mablanketi yao yaliyolowa.

Leo mimi ni matroni wa bweni. Vijana wa sasa wanapiga picha kila kitu, hata sahani ya chipsi, ila aibu wanaifungia kwenye tranka. Zamani kijiji kizima kilinicheka, kisha kikaniombea. Siku hizi hakuna anayecheka, maana hakuna anayejua.

Juzi nilimkuta binti wa kidato cha kwanza amekalia shuka lililolowa, hataki kuinuka. Nikakaa hapo hapo kando yake, nikamwambia mimi pia nilikuwa hivyo. Akauliza kama watu walinicheka. Nikamjibu walinicheka sana. Uso uliniwaka moto, mama mzima mwenye wajukuu, lakini yule binti alikuwa ameinua kichwa, ananitazama.