Siku Tochi Ilipomsingizia Baba

Baba yangu anaendesha gari kama mtu anayetafuta sindano barabarani. Ndiyo maana nilicheka kwa sauti siku tuliyokuwa tukirudi Muyinga kutoka Gitega, polisi alipotusimamisha chini ya mteremko na kusema, "Papa, we ulikuwa unakimbia sana. Radari iko inaonesha sabini na nane."

Baba hakucheka. Anaishi kwa kusafirisha maharage ya wakulima wa Gasorwe, na permi yake, yaani leseni ya udereva, ilikuwa tayari mkononi mwa polisi. Ikichukuliwa, kazi imekwisha, na kwa umri wake nani angempa nyingine?

"Shefu, hiyo tochi imepima baiskeli," alisema. Alikulia Tanzania, na huko kipima mwendo huitwa tochi.

Kweli, mbeba ndizi mmoja wa baiskeli alikuwa ametupita palepale mteremkoni, mikungu minne nyuma, breki yake ni kandambili.

"Apana, papa. Radari inashika magari."

"Inashika chochote kinachokuja. Vikija viwili pamoja, haikwambii imeshika kipi. Ngoja mwingine aje peke yake, umpime."

Tukangoja. Mimi niliyecheka sasa nilikuwa namwomba Mungu kimoyomoyo alete ndizi. Zikaja, barabara tupu. Polisi akainua tochi, akasoma, akasoma tena. Sabini na moja.

Alimrudishia baba permi kwa mikono miwili. "Pardo, papa, unisamehe. Lakini we nawe, mbona unatembea polepole hivi? Hata baiskeli inakupita!"

Baba akajifanya anatafuta kitu chini ya usukani. Mama, aliyeketi kando yake, ndiye aliyejibu.

"Mwanangu, huyu hapa nyuma alizaliwa njiti, hospitalini Gitega, mwaka uleule tuliorudi kutoka Tanzania. Daktari alisema asitikiswe. Tulitumia siku nzima kumfikisha kwetu Butihinda, huko Muyinga, baba yake akikwepa kila shimo. Nilidhani tukifika nyumbani ataacha."

Hakuna aliyewahi kunisimulia. Nina miaka ishirini sasa, na kilo za kutosha kustahimili shimo lolote la nchi hii. Nilikitazama kisogo cha baba, mvi zimeanza, nikampenda zaidi.

Tukaondoka. Kabla ya Gashoho palikuwa na kishimo kidogo, cha kupita juu yake tu. Baba akapunguza mwendo, akakizunguka.