Koki ya Chini ya Mtungi

Baba mdogo Fridolin huziba pancha kando ya barabara, pale Mkula. Kompresa yake ya kujazia upepo aliinunua imeshatumika. Kila asubuhi alifungua koki ya chini ya mtungi wake wa upepo, maji ya kutu yakamwagika. Msimu huu wa mavuno, matrela ya mpunga yakiwa foleni, koki ilianza kuvujisha upepo. Akaichomelea ikazibika kabisa, kisha akaupaka mtungi rangi ya buluu.

“Shikamoo baba. Maji sasa yatatokea wapi?” nilimuuliza.

“Marahaba, msomi. Kwani mtungi unakunywa maji?”

Leo nimemkuta ameuegemea, anasubiri ujae. Chini ya mtungi rangi imevimba, na tone jekundu la maji ya kutu linachungulia.

“Baba, njoo huku kwanza, usije ukakupasukia.”

“Ngoja ujae,” alisema, akiupigapiga kama anayemtuliza ng’ombe.